Juu ya Mstari Mwekundu

Jumatatu, 3 Machi

Mvua haijaanza, ila mlima umejifunika tangu alfajiri, na sisi tuliozaliwa huku juu hatuhitaji kuambiwa na redio.

Kitabu hiki nilipewa na chama chetu cha wauguzi na wakunga Mei Mosi ya mwaka juzi, pamoja na kofia na fulana isiyonipita kifuani. Fulana nimeifanya dekio. Kofia aliichukua Joel. Kitabu nimekikuta leo chini ya godoro, nikaona hii ndiyo faida yangu yote ya uanachama kwa miaka ishirini na miwili, basi niitumie. Tangu mwanangu Joel aende chuo Mbeya, nyumba hii ya watumishi imekuwa kimya hadi najikuta naongea na sufuria. Afadhali niongee na karatasi, angalau haiungui.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimesaini mara mbili.

Niandike vizuri, maana Joel akija kukisoma siku moja atashangaa. Kwenye kituo chetu cha afya daftari la mahudhurio linakaa mezani kwa Mganga Mfawidhi, mkuu wetu. Zamu ya mchana inaanza saa nane. Ikifika saa nane na robo anachukua rula na kalamu nyekundu, anapiga mstari. Ukiwa umesaini juu ya mstari umewahi. Ukisaini chini yake unaandikiwa barua ya kujieleza. Sasa Vaileth, mwenzangu wa zamu, ana cheti tu na anasomea stashahada mjini kila Jumatano. Aliomba ruhusa akanyimwa, eti tuko wachache. Nikamwambia nenda, mimi nitakusainia. Hakuna hapa asiyewahi kumsainia mwenzake, na jambo hilo tumelipa jina kabisa: kuwekana juu ya mstari. Vaileth anarudi saa kumi na moja anahema, anapiga deki leba, vyumba vyote vya kujifungulia, kwa shukrani. Ana miaka ishirini na sita, ananiita dada Eli, tunapakana ukuta, na nusu ya chapati zake huwa nazila mimi. Ni binti mzuri.

Sahihi yake naichora vizuri kuliko yeye mwenyewe.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua imefika. Paa la leba linavuja palepale pa mwaka jana, na maji yanapita chini ya mlango. Nimeshuka sokoni Maji ya Chai kununua buti za mpira, za kijani, saizi ya mwanamume kwa sababu za wanawake zimekwisha. Vaileth aliponiona nazo amecheka hadi akakaa chini.

Ijumaa, 21 Machi

Amekuja Lekishon, katibu wa tawi la chama, muuguzi wa zahanati moja kule Elerai. Mwarusha mrefu, mpole, mwenye shikamoo ndefu kama anamsalimia bibi yake, wakati nina miaka arobaini na saba tu. Anazunguka vituo vyote akikusanya idadi ya watumishi wa kila zamu, wapeleke halmashauri madai ya kuongezewa watu. Nikamuuliza mbele ya wenzangu kama safari hii ameleta fulana ya saizi yangu. Watu wakacheka, na yeye akacheka.

Kisha akafungua daftari la mahudhurio, akahesabu kwa kidole, akaandika. Akasema ninyi mko vizuri, wawili wawili kila zamu, kuna wenzenu wanafanya kazi mmoja mmoja. Vaileth aliangalia dirisha. Mimi niliangalia buti zangu.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Nimesaini mara mbili.

Jumatano, 2 Aprili

Siwezi kuandika.

Alhamisi, 3 Aprili

Nitaandika kama ilivyokuwa, kisha nifunge.

Jana saa nane kasoro nilisaini langu na la Vaileth. Mfawidhi akapiga mstari wake, akapanda gari kwenda kikaoni mjini. Mhudumu wa usafi yuko likizo. Nikabaki mimi na akina mama wawili. Magdalena, mke wa mkulima wa hapo juu, uzazi wa nne, alikuwa chumba cha kwanza. Silantoi alikuwa chumba cha pili nyuma ya pazia, uzazi wa kwanza, binti wa miaka ishirini kutoka ng'ambo ya mlima, Kiswahili chake kichache na hofu yake kubwa. Mtoto wake nilimsikiliza saa tisa, mapigo mazuri kabisa. Nikaandika kwenye chati ya uchungu. Kila nusu saa lazima umsikilize mtoto na uandike, hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Saa tisa na dakika kumi na tano Magdalena akajifungua salama. Saa tisa na nusu damu ikaanza, na haikuwa damu ya kawaida. Nilimchoma sindano, nikatundika dripu, nikaukanda mfuko wa uzazi, ukikaza kidogo unalegea tena. Nikiondoa mkono tu, inamwagika. Nilimpigia Mfawidhi simu kwa mkono mmoja. Akasema gari la wagonjwa linakuja. Lilikwama kwenye tope chini ya kanisa. Silantoi alikuwa ananiita. Sista. Sista. Mara mbili nilikimbia hadi kwenye pazia, nikasema nakuja mama, nikarudi mbio bila kumgusa. Saa nzima na nusu niliisimamia damu ya mtu mwingine.

Damu ilipokata nilikwenda kwa Silantoi. Nikaweka kisikilizio tumboni. Nikakihamisha. Nikakihamisha tena.

Mtoto alizaliwa saa kumi na moja na dakika tano. Wa kiume, mzito, kamili. Nilimpulizia hewa dakika ishirini. Vaileth aliingia nikiwa bado napuliza, mkoba wake wa shule begani. Alinishika mkono akasema dada, acha.

Magdalena yu hai. Watu wananiambia nilishike hilo. Nalishika, halisaidii.

Jumanne, 8 Aprili

Ndugu wa mume wa Silantoi wamelalamika wilayani. Wana haki. Mfawidhi ametaka barua za kujieleza, yangu na ya Vaileth. Jioni Vaileth alikuja kwangu, akakaa kitandani, hakula. Hakuniomba kitu, aliniangalia tu. Nikaandika kwamba tulikuwa wawili, kwamba zote mbili zilikuwa dharura, kwamba tulizidiwa. Niliona nikisema nilikuwa peke yangu, namfukuzisha kazi mtoto wa watu, na mimi mwenyewe nakuwa mghushi wa sahihi. Nikasema moyoni barua moja haiwezi kuua.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimesimamishwa kazi kupisha uchunguzi. Kamati ya nidhamu itakaa mwezi ujao, na kinachotazamwa ni leseni yangu. Wakiichukua, sina kitu kingine duniani ninachojua kufanya.

Mfawidhi alinisomea barua ya Vaileth kwa sauti yake ileile ya kusomea matangazo. Ameandika kwamba siku hiyo yeye alikuwa na kina mama waliojifungua, na leba ilikuwa chini yangu mimi. Wawili kazini, amesema Mfawidhi, na chati ina matundu matatu matupu. Hebu nieleze, sista. Nikachukua barua yangu, nikatoka.

Vaileth sikumwona. Redio yake ameipunguza sauti, ukutani nasikia tu kikombe kinawekwa mezani.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kwenye ibada benchi langu lilikuwa na nafasi pande zote mbili, na kanisa lilijaa. Nimepika wali nikala nimesimama.

Jumatano, 23 Aprili

Kukaa nyumba ya kituo huku umesimamishwa ni adhabu hawakuiandika kwenye barua. Dirisha langu na dirisha la leba vinatazamana. Nawasikia. Kwa sauti tu najua huyu bado sana, huyu amefika sentimita nane, huyu mgeuzeni ubavu jamani. Leo mmoja alilia muda mrefu bila mtu kumjibu, nikasimama hadi mlangoni nikakumbuka. Nikarudi nikaosha vyombo visivyo vichafu.

Kwenye kundi letu la simu la watumishi hakuna ujumbe tangu Jumatatu ya wiki iliyopita. Watu kumi na mmoja hawawezi kunyamaza siku tisa. Wamefungua kundi jingine.

Ijumaa, 25 Aprili

Nani amekuja? Mzee wa fulana.

Lekishon amepanda na pikipiki kutoka mjini, tope hadi magotini. Nilimwambia sijamwita. Akasema hakuna aliyemwita, jina langu limefika tawini pamoja na nakala ya barua, na mwanachama akiitwa kwenye nidhamu chama kina haki ya kukaa naye. Nikampa chai kwa sababu mama yangu alinilea. Alisoma barua yangu mara mbili, polepole. Kisha akasema:

"Dada, hii ndiyo iliyoandikwa. Naomba uniambie iliyotokea."

Nikamwambia ni hiyohiyo. Akamaliza chai, akashukuru, akaondoka. Nilisikia pikipiki ikikwama pale chini ya kanisa, ikakwamuka.

Huyo ndiye mtu wa kwanza kuketi ndani kwangu tangu tarehe nane.

Alhamisi, 1 Mei

Mei Mosi. Wenzangu wamekwenda uwanjani Kaloleni kuandamana. Nimewaona wakipita na fulana mpya, za bluu. Vaileth alikuwa nyuma kabisa, peke yake. Nilidhani nitafurahi.

Joel amepiga simu. Nimemwambia kazi inaendelea vizuri.

Jumanne, 6 Mei

Lekishon amerudi, mvua haijamwacha. Safari hii alileta karatasi kwenye mfuko wa plastiki. Ni yale madai waliyopeleka halmashauri mwezi wa nne, ya watumishi. Na majibu yake.

Halmashauri imejibu kwa heshima zote. Zahanati fulani itapata mmoja, nyingine itafikiriwa. Kituo chetu hakitapata. Daftari la mahudhurio, imeandikwa, linaonyesha kwa miaka miwili mfululizo kila zamu ya mchana imekuwa na wauguzi wawili wakati wote, na hakuna siku hata moja mtu alichelewa.

Niliisoma ile sentensi mara mbili. Miaka miwili tunawekana juu ya mstari. Leo wewe kesho mimi, mtoto anaumwa, mazishi, masomo, mvua. Tulidhani tunasaidiana. Kumbe kila sahihi niliyochora ilikuwa inasema tunatosha, hatuhitaji mtu. Siku ile ningekuwa na mtu wa pili ambaye yupo kweli, angekaa nyuma ya pazia na kisikilizio.

Lekishon hakusema lolote kati ya hayo. Aliacha nisome. Mimi ndiye niliyesema.

"Nilikuwa peke yangu. Sahihi ya Vaileth niliiweka mimi."

Akauliza mara ngapi. Nikamwambia kila Jumatano tangu Oktoba. Nikalia mbele ya mtu niliyemdhihaki hadharani, na yeye akaangalia nje dirishani kwa adabu hadi nilipomaliza. Kisha akaniambia wazi, bila kunipamba. Kughushi nitajibu, hapo chama hakina namna ya kunisafisha. Lakini hawezi kukaa pembeni yangu akitetea wawili ambao hawakuwapo. Akitetea mmoja aliyekuwapo, hapo ana cha kusema. Vaileth naye ni mwanachama, kwa hiyo Fransiska kutoka tawini atakaa naye, na sisi tusimchome mtu kisu mgongoni. Nimwambie mwenyewe kwanza.

Nilimuuliza kwa nini anajisumbua na mimi. Akasema mwaka ule alioanza kazi alikosea dawa, mgonjwa akapona, lakini kikaoni alikaa peke yake upande mmoja wa meza, upande wa pili watu saba. Bado anaikumbuka ile meza.

Jumamosi, 10 Mei

Nimemgongea Vaileth. Alifungua nusu ya mlango. Nikamwambia nitasema ukweli mbele ya kamati tarehe ishirini na nane, nimekuja ujue kutoka kwangu.

"Dada Eli, unaniua."

Nikamwambia barua yake yeye ilinizika kwanza, maneno ambayo sikupanga kuyasema. Akanijibu kwa sauti ndogo kwamba tangu ile barua zamu zote anafanya peke yake, na daftari bado lina majina mawili. Nikamuuliza la pili ni la nani.

La muuguzi aliye likizo, akasema. Mfawidhi amesema tuandike hivyohivyo.

Nilitamani kumkumbatia na nilitamani kumpiga kofi. Alifunga mlango polepole, na chapati zilikuwa zinanukia ndani.

Jumatatu, 12 Mei

Siku ya Wauguzi Duniani. Mvua kubwa. Sikutoka.

Jumatatu, 19 Mei

Lekishon amepiga simu. Amekwenda hadi kwa Silantoi, ng'ambo ya mlima, akazungumza naye Kimaa, lugha yao wote wawili. Nilikasirika sana. Nilimwambia amwache mwanamke wa watu na msiba wake, sitaki niokolewe na mtu niliyemzikia mtoto. Akanisikiliza hadi nikaishiwa. Akasema hakumwomba anitetee. Alimuuliza tu kama kuna mtu yeyote amewahi kumuuliza siku ile aliona nini. Hakuna. Mume aliulizwa, shemeji, baba mkwe. Yeye, hakuna aliyemuuliza.

Atakuja au hatakuja, Lekishon hajui.

Jumatano, 28 Mei

Jumatano, bila shaka. Ingekuwa siku gani nyingine.

Chumba ni ghorofa ya pili, mjini, meza ndefu. Upande wao watu sita na jagi la maji. Upande wangu viti viwili. Lekishon alikuwa amefika kabla yangu, amevaa tai iliyomkaba. Nilipokaa, alivuta kiti chake kikagusana na changu, basi. Sijakaa karibu hivyo na mtu tangu Joel aondoke. Nusura nilie kwa hilo tu, kabla hata hawajaanza.

Nilisema yote. Daftari, mstari, sahihi, Jumatano. Mwenyekiti, mama mmoja wa miwani, aliuliza kama najua kwamba kwa kusema hivyo nimejiongezea kosa. Nikasema najua. Mfawidhi alisema hii ni hadithi mpya ya kukwepa uzembe, kwa sababu daftari ni hati ya serikali na hati inaonyesha wawili. Vaileth aliitwa, Fransiska yuko naye, lakini akasema hakumbuki saa aliyofika. Lekishon akasoma yale majibu ya halmashauri, akaomba kamati ijiulize ni kituo gani duniani ambacho kwa miaka miwili hakuna mtu aliyenyeshewa akachelewa. Mmoja wao alitabasamu. Lakini nikaona bado ni neno langu na karatasi, na karatasi ilikuwa na rangi nyekundu.

Ndipo karani akaja kusema kuna mama nje.

Silantoi aliingia na shuka zake na shanga, amekonda. Hakunisalimia. Hakukaa alipooneshwa kiti. Mwenyekiti akamuuliza kama amekuja kumwombea sista.

"Hapana. Sijamsamehe. Nimekuja kusema niliyoona."

Akasema kitanda chake kilikuwa nyuma ya pazia, na pazia halifiki chini. Alilala ubavu akiangalia sakafu kwa sababu ya uchungu, muda wote. Maji yalikuwa yanapita. Akasema:

"Niliona buti za kijani. Zinakimbia, zinarudi. Zinakimbia, zinarudi. Nilingoja viatu vingine. Viatu vingine havikuja mpaka mtoto alipokufa."

Mwenyekiti akaandika neno kwa neno. Halafu Vaileth akaanza kulia, akasema ni kweli, yeye ndiye viatu vingine, alifika saa kumi na moja na mkoba begani.

Silantoi alitoka bila kugeuka. Nilimfuata hadi kwenye ngazi, sikujua nitamwambia nini. Nikamwambia pole. Nikamwambia mtoto wake alikuwa mzuri, mzito, na kwamba nilijaribu dakika ishirini. Akauliza kama yule mama mwingine alipona. Nikasema ndiyo. Akaitikia kwa kichwa, akashuka.

Jumapili, 8 Juni

Mvua imekwisha. Mlima umetoka wote, hadi ncha. Hakuna wa kumwonesha.

Jumatatu, 16 Juni

Barua. Leseni yangu inabaki. Onyo kali la maandishi, na miezi sita nitafanya kazi chini ya uangalizi. Mfawidhi ameitwa wilayani kujibu mambo ya daftari. Vaileth amepewa onyo na kuhamishiwa zahanati ya Lekishon, na Jumatano ameruhusiwa masomo, kwa maandishi, chama kimepigania hilo. Kuhusu watumishi wa kuongezwa, kamati imesema suala litafikishwa panapohusika. Nilimsomea Lekishon sentensi hiyo kwenye simu, akacheka kwa uchovu.

Vaileth ameondoka asubuhi na godoro lake juu ya pikipiki. Kwenye kitasa cha mlango wangu nimekuta mfuko. Chapati nne, bado za moto. Zote nne.

Jumatano, 18 Juni

Nimerudi kazini, zamu ya mchana. Salamu ni chache. Wengine wananiona msaliti, kwa sababu sasa hakuna tena anayethubutu kumsainia mwenzake, na kila mtu ana dharura zake. Nawaelewa. Mwezi wa tatu ningekuwa mmoja wao.

Saa nane kasoro dakika tano nilisaini. Elinipa. Nikaacha nafasi ya pili kama ilivyo, tupu. Saa nane na robo Mfawidhi alichukua rula, akatazama ile nafasi, akanitazama mimi, akapiga mstari. Ulipita chini ya jina moja.

Niliomba kupiga picha ukurasa huo, naye hakukataa. Nikamtumia Lekishon. Amejibu palepale: "Asante dada. Sasa tuna cha kupeleka." Halafu akaongeza, saizi yako ni ipi, mwakani nisikosee.

Saa tisa ameingia mama mmoja na uchungu, uzazi wa kwanza. Nje jua kali na sakafu ni kavu. Nimevaa buti zangu za kijani, nikachukua kisikilizio, nikavuta kiti nikakaa pale anapoweza kuniona.